Weka Nyanya Kando Kwanza: Chakula cha Kichina katika Jiko la Kitale na Bungoma

Ukimuuliza mtu wa Kitale au Bungoma kwa nini hapiki chakula cha Kichina nyumbani, atakutajia vichupa. Sosi ya chaza haipatikani, mafuta ya ufuta ni ghali, siki nyeusi mpaka umtume mtu Nairobi. Vichupa hivyo vina kazi yake, lakini sehemu kubwa ya chakula ambacho familia za China hupika jioni baada ya kazi hutokana na mayai, nyanya, mboga za majani, tangawizi, kitunguu saumu, nyama kidogo na wali. Vyote hivyo viko kwa mama mboga na kwenye bucha ya mtaa wako. Kinachotofautisha jiko lao na letu ni utaratibu, na utaratibu hauuzwi dukani.

Utaratibu huo una kanuni tatu. Kata kila kitu kabla ya kuwasha moto. Pika kidogo kidogo kwa moto mkali. Na weka nyanya kando.

Hiyo ya tatu ndiyo inayotushinda. Tumelelewa hivi: mafuta, kitunguu, nyanya mpaka zirojeke, dania, kisha chochote kilichopo, kiwe nyama, kabichi, maharagwe au mayai, kinaingia humo, maji kidogo, funika. Ni upishi mzuri, maana ugali unataka mchuzi. Lakini nyanya ni maji. Ukizitia kwenye chombo cha moto, joto linashuka papo hapo, na kilichokuwa kikikaangwa kinaanza kuchemka. Nyama inatoa maji na kugeuka kijivu, hoho inalegea, na hata ukimwagia soya chupa nzima utapata mchuzi wetu ule ule, ila mweusi na wenye chumvi nyingi. Kwa hiyo nyanya zisiingie ila pale chakula chenyewe kinapozidai. Mfuniko nao uache ukutani.

Chombo na moto

Usinunue sufuria maalumu ya Kichina. Karai unalo: lile la chuma, la mviringo chini na pana juu, ambalo wauza samaki na mandazi hulitumia kando ya barabara. Mafundi wa jua kali hulitengeneza, na kwa kazi hii halina mshindani wa bei yake. Chagua la chuma, si la alumini nyembamba, kwa sababu chuma hushika joto. Likiwa jipya, lisugue kwa sabuni na steelwool, likaushe motoni, lipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa na ulichome mpaka litoe moshi. Fanya hivyo mara tatu nne mpaka liwe jeusi na laini. Tangu siku hiyo lioshe kwa maji ya moto tu, ulikaushe juu ya moto, ulipake mafuta. Ukiliacha na maji usiku kucha, asubuhi litakuwa na kutu.

Meko, ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, hauna moto wa mkahawa. Dawa ya hilo ni kupunguza kiasi. Gramu 250 za nyama kwa mara moja zinatosha. Ukiwa na nusu kilo, kaanga mafungu mawili. Jiko la makaa lililokolea vizuri hutoa joto kali kuliko watu wanavyodhani, na karai lenye chini ya mviringo hukaa sawasawa juu yake. Lipashe moto likiwa kavu mpaka uone moshi mwembamba, ndipo utie mafuta, na chakula kifuate mara moja. Tone la maji likidondoka humo na kukimbia huku na huku badala ya kutulia likachemka, karai liko tayari.

Jambo jingine ni mwinuko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400, kwa hiyo maji ya Kitale huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na ya Bungoma kwenye nyuzi 95, hayafiki 100. Ndiyo sababu maharagwe na wali huchukua muda zaidi kuliko Mombasa, na ukifuata muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mapishi cha ng'ambo utakula wali wenye kiini. Ongeza dakika chache na maji kidogo. Kukaanga hakuathiriki, maana mafuta hupata joto lile lile popote.

Sokoni

Mahitaji ya msingi ni tangawizi mbichi, kitunguu saumu na vitunguu vya majani. Usiridhike na tangawizi ya unga. Hiyo ni ya chai. Mwambie mama mboga akupe vitunguu vya majani vyenye mizizi yake, kwa sababu sehemu nyeupe huingia kwenye mafuta mwanzoni na sehemu ya kijani hunyunyizwa mwishoni. Masoko kama Chwele, kule Bungoma, hufurika vitunguu na mboga kutoka mitelemko ya Mlima Elgon.

Kwa mboga za majani una bahati kuliko unavyojua. Sukuma wiki na ile mboga ambayo Wakantoni huiita gai lan ni spishi moja ya mmea. Terere nalo huliwa sana China, likikaangwa kwa kitunguu saumu tu. Kabichi, karoti, hoho na mabiringanya hayahitaji kutafutiwa mbadala.

Dukani nunua vitu vitatu: soya, siki nyeupe na wanga wa mahindi. Soya isome lebo kabla ya kulipa. Ile ya kweli huorodhesha maji, soya, ngano na chumvi, nayo imechachushwa. Nyingine ni maji ya chumvi yaliyotiwa rangi. Kijiko kikubwa kimoja cha soya kina chumvi ya zaidi ya theluthi ya kijiko cha chai, kwa hiyo ukishatia soya mkono wako ukae mbali na chumvi, na unga wa mchuzi wa pakiti usiuguse kabisa. Wanga wa mahindi ni ule unga mweupe mwepesi unaokaa rafu moja na kastadi. Wa ugali haufai, hata kama umesagwa hapo Kitale leo asubuhi. Huo una punje na hautafanya sosi ing'ae.

Vitabu vingi vitakutaka divai ya mchele. Nyumba nyingi za pande hizi, za Marafiki, za Jeshi la Wokovu na za Waislamu, hazitii pombe chakulani. Iache. Vipande vya tangawizi, chembe za sukari na tone la siki vitaondoa shombo la nyama. Mafuta ya ufuta yenye harufu unaweza kujitengenezea: kaanga simsim kavukavu mpaka ziwe rangi ya dhahabu, zitwange, zipashe kwenye mafuta ya kawaida kwa moto mdogo, chuja. Hayatakuwa makali kama ya chupa, lakini tone mwishoni hufanya kazi yake.

Anza na mayai na nyanya

Hiki ndicho chakula ambacho watoto wengi wa China hujifunza kupika kwanza, na ndicho mahali nyanya zinaporudi jikoni kwa heshima. Kitakufundisha tofauti kati ya mkono wao na wetu kwa viungo ambavyo hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii anavyo chumbani.

Piga mayai 4 na chumvi kidogo. Kata nyanya 3 zilizoiva vipande vikubwa. Pasha karai, tia mafuta vijiko vikubwa 3, mimina mayai. Yatafura mara moja. Yasukume taratibu kwa mwiko mara tano sita, uyaepue yakiwa bado laini na yenye unyevu. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa tumezoea yai likauke. Tia mafuta kidogo tena, sehemu nyeupe ya vitunguu vya majani, kisha nyanya, chumvi na kijiko cha chai cha sukari. Zikianza kutoa maji, rudisha mayai, geuza mara mbili, nyunyiza majani ya kijani, epua. Kazi yote ya motoni haifiki dakika tano. Sukari usiiache: inatuliza ukali wa nyanya, hasa zile zilizochumwa kabla hazijaiva.

Sukuma bila kuikatakata

Sukuma yetu hukatwa nyembamba kama nyuzi, na anayekata nyembamba zaidi husifiwa. Kwa leo ichane kwa mkono vipande vya upana wa vidole vitatu na utenge mabua. Chemsha maji yenye chumvi na kijiko cha mafuta, tia mabua, baada ya nusu dakika tia majani, na dakika moja baadaye chuja yote na uyakamue kidogo. Pasha karai, tia mafuta, punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, zigeuze zitoe harufu bila kubadilika rangi, kisha sukuma. Geuza dakika moja, tia kijiko cha soya, epua. Itakuwa ya kijani kibichi na bado ina ukakamavu mdomoni. Mzee wa nyumba akilalamika kwamba haijaiva, mpe na ugali kwanza ndipo umsikilize.

Nyama ya ng'ombe na hoho

Mwambie muuza bucha akupe steki isiyo na mifupa wala mafuta, ya kipande kimoja, na usimruhusu akukatie. Panga lake halijui kazi hii. Iweke kwenye friza nusu saa ikazane. Itazame kwa makini: utaona nyuzi zinazokwenda upande mmoja. Kata kinyume chake, vipande vyembamba kama sarafu, ili kila kipande kiwe na nyuzi fupi. Ng'ombe wetu wengi wametembea sana kabla ya kufika buchani, na mkato huu pekee hulainisha kuliko saa nzima ya kuchemsha.

Kwa gramu 300, changanya na soya kijiko kikubwa 1, maji vijiko vikubwa 2, wanga vijiko vya chai 2 na nusu kijiko cha chai cha sukari. Kanda kwa mkono mpaka nyama inywe maji yote, malizia na kijiko cha mafuta, acha dakika 20. Wanga hufunika kila kipande kwa utando unaozuia maji yake yasitoke. Nyama ikiwa ngumu sana, itie robo kijiko cha chai cha baking soda kwa dakika 15, kisha ioshe vizuri kabla ya kuitia viungo.

Karai likitoa moshi, tia mafuta, tandaza nusu ya nyama na usiiguse kwa nusu dakika ipate rangi. Igeuze, itoe ikiwa bado ina wekundu kidogo. Rudia na nusu ya pili. Kisha tangawizi, kitunguu saumu, hoho zilizokatwa. Dakika moja tu. Rudisha nyama, mimina soya kijiko 1 iliyochanganywa na maji vijiko 3 na wanga kijiko cha chai 1. Sosi ikishika na kung'aa, epua.

Kuku wa kienyeji ana njia yake

Usijaribu kumkaanga ingokho, kuku huyo wa kienyeji, kwa dakika tano. Utatafuna mpaka kesho. Kwa kazi ya haraka tumia mapaja ya broila. Kuku wa kienyeji mpike kwa njia ambayo Wachina huiita kupika kwekundu, inayotaka misuli migumu na subira.

Mkate vipande, mtie kwenye maji baridi, chemsha dakika tatu, mwaga maji na mapovu. Katika karai tia mafuta vijiko 2 na sukari vijiko 2, moto mdogo, koroga mpaka sukari iyeyuke na kuwa rangi ya chai ya rangi. Tia kuku mara moja kabla sukari haijaungua, geuza apate rangi. Ongeza vipande vya tangawizi, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, na anisi ya nyota ukiipata kwenye maduka ya viungo ya Wahindi mjini. Soya vijiko vikubwa 4, maji ya moto mpaka yamfunike. Hapa mfuniko unaruhusiwa. Kwa mwinuko wa Kitale hesabu saa moja na nusu au mbili. Presha kuka itapunguza nusu. Mwishoni fungua, ongeza moto, acha mchuzi ukauke mpaka ushike kwenye nyama. Firigisi, ile imondo, ipike pamoja lakini jua ni ya nani kabla hujaipakua.

Tambi kutoka kwa unga wa chapati

Anayejua kusukuma chapati anajua nusu ya kazi ya tambi. Unga wa ngano gramu 500, chumvi kijiko cha chai 1, maji kama mililita 230: donge liwe gumu kuliko la chapati. Lipumzishe nusu saa, likande tena, lisukume upana wa sinia. Nyunyiza wanga, likunje kama barua, ulikate nyuzi kwa kisu kikali. Chemsha kwenye maji mengi mpaka zielee na kiini kipotee.

Ukitaka tambi zenye mvutano na rangi ya njano, zinahitaji magadi kidogo. Huko Lanzhou, kaskazini-magharibi mwa China, wapishi wa tambi za kuvuta kwa mkono walikuwa wakitumia jivu la mmea wa jangwani. Huku kwetu bibi zetu walichuja maji ya jivu la maganda ya maharagwe, munyu wa kienyeji unaoitwa musherekha, wakalainishia mrenda. Kemia ni moja. Kijiko cha chai kimoja cha munyu huo mahali pa maji kitatosha kwa kiasi nilichotaja. Ukizidisha, tambi zitakuwa na ladha ya sabuni. Asiye na muda achemshe spageti ya dukani kwenye maji yenye kijiko cha chai cha baking soda kwa kila lita, aisuuze, aikaange na kabichi, karoti na yai.

Wali na ugali

Wali wa kuliwa na vyakula hivi hautiwi chumvi wala mafuta, kwa kuwa mboga zake zina chumvi ya kutosha. Pishori ya Mwea inafaa. Wali wa kukaanga unataka uliopoa na kukauka, lakini wali uliokaa nje usiku kucha ni hatari: unaweza kuwa na bakteria ambao sumu yao haiharibiki hata ukiupasha moto upya. Ukishaiva, utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uukaange kesho. Asiye na friji aupike asubuhi, autandaze mahali penye ubaridi na kuufunika kwa kitambaa safi, aukaange ukishapoa tu.

Na anayesema chakula bila ugali si chakula, usibishane naye. Mahindi yalifika China na Afrika kutoka Amerika kwa mkondo ule ule wa biashara, na kaskazini mwa China watu wamekula mikate ya mahindi ya mvuke kwa vizazi vingi. Sukuma ya kitunguu saumu, kuku mwekundu na mayai na nyanya hukaa vizuri kando ya ugali wa Trans Nzoia. Nyama na hoho ndiyo inayopenda wali zaidi, kwa sababu ya ile sosi.

Kupanga mlo wa watu sita kwa kichomeo kimoja

Anza na kuku, saa mbili kabla. Akishaiva mweke kando, hadhuriki na kusubiri. Teleka wali. Wakati unaiva, kata kila kitu kilichobaki, kila kitu kwenye bakuli yake, na upange bakuli hizo kwa mfuatano wa kuingia karaini. Sosi nayo ichanganye mapema. Wali ukishuka, chemsha sukuma na uichuje. Kilichobaki ni mizunguko mitatu ya moto mkali: mayai na nyanya, sukuma, na nyama mwisho kabisa. Kwa jumla haifiki robo saa.

Adui hapa ni hotipoti. Desturi yetu ni kupika, kujaza hotipoti, kuzifunga, kisha kungoja wageni wafike, waombe, waoshe mikono. Kuku na wali watavumilia. Nyama na hoho zikifungiwa humo zinaendelea kuiva kwa mvuke wake, na baada ya dakika kumi unarudi kwenye kile kile cha kulegea ulichokuwa ukikikimbia. Basi geuza utaratibu: maji ya mikono yapite, sala iombwe, sahani ziwe mezani, na ndipo uwashe moto wa karai la mwisho. Wageni watakusubiri dakika nne. Karai halisubiri mtu.